Ubungo, kiwanja cha halmashauri zote

Kwa miaka ishirini hivi, karibu kila aliyeingia Dar es Salaam kwa basi kutoka Mbeya, Moshi au Mwanza alishukia kwenye kiwanja ambacho hakikuwa cha manispaa yoyote peke yake. Stendi Kuu ya Ubungo ilikuwa mali ya Halmashauri ya Jiji, na Jiji lenyewe lilikuwa chombo cha manispaa zote kwa pamoja. Ndiyo maana habari zake zinahitaji kuandikwa sasa, kabla waliozishuhudia hawajasahau.

Kabla ya Ubungo, mabasi ya mikoani yalijazana Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati ya mji. Mwaka 1996 serikali ililivunja Baraza la Jiji lililokuwa limeelemewa na taka, mashimo ya barabarani na madeni, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwishoni mwa muongo huo mabasi yakahamishiwa Ubungo, pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Mandela na Sam Nujoma, karibu na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Ulikuwa uamuzi mzuri. Basi lilitoka stendi likashika njia ya bara moja kwa moja, na katikati ya mji kukapumua.

Mwaka 2000 Tume ilimaliza kazi. Zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Halmashauri ya Jiji, iliyoundwa na wajumbe kutoka manispaa hizo hizo. Jiji likakabidhiwa mambo yanayovuka mipaka: dampo la taka, hisa za Soko la Kariakoo, na stendi ya Ubungo. Ushuru wa stendi ulikuwa moja ya nguzo za mapato yake.

Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Kiwanja kilikuwa ndani ya Kinondoni, lakini fedha zake zilikwenda Jiji. Foleni na kelele za alfajiri vilibaki kwa wakazi wa jirani. Diwani wa Temeke alikuwa na sauti ya kisheria juu ya ardhi ambayo wapiga kura wake waliiona siku ya kusafiri tu. Mama lishe, makuli, mawakala wa tiketi na wapiga debe, ambao maisha yao yote yalikuwa pale, hawakuwa na kiti popote. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote yaliyofuata, kwa sababu hao ndio waliojua kiwanja kinafanya kazi gani saa kumi alfajiri na kinahitaji nini.

Kisha mipaka ikasogea tena. Katikati ya muongo uliopita Ubungo ilikatwa kutoka Kinondoni ikawa manispaa, na Kigamboni ikatoka Temeke. Wenye mali wakawa watano. Stendi nayo ilikuwa imezidiwa, na Jiji likaamua kujenga nyingine Mbezi Luis, kupita Kimara, kwa zaidi ya shilingi bilioni 50.

Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alikwenda Mbezi Luis kuzindua stendi hiyo, iliyopewa jina lake. Siku hiyo hiyo alilivunja Jiji lililoijenga, na hadhi ya jiji ikahamia Ilala. Hoja yake ilikuwa na uzito: Jiji halikuwa na eneo lake la utawala, na wajumbe wake walikuwa tayari ni madiwani kwingine. Lakini kikao ambamo manispaa zote zililazimika kuketi pamoja juu ya mali ya pamoja kilifutwa wakati ule ule kiwanja cha Ubungo kilipobaki wazi kikisubiri kupangiwa matumizi. Wiki tatu baadaye Rais mwenyewe alifariki.

Matumizi yalipatikana. Mwekezaji kutoka China alijenga pale kituo kikubwa cha biashara, EACLC, chenye maduka zaidi ya 2,000, na Rais Samia Suluhu Hassan akakifungua Agosti 2025. Serikali inasisitiza ajira na bidhaa zitakazofuatwa na wanunuzi wa nchi jirani. Wafanyabiashara wa Kariakoo walihofia kupoteza wateja, na hofu hiyo ilistahili kujibiwa mezani kabla zege halijamwagwa. Soko la Kariakoo nalo ni mali ya umma, na Jiji lile lililovunjwa lilikuwa na hisa ndani yake.

Na mabasi? Baada ya stendi kuhama, makampuni kadhaa yaliendelea kupakia abiria kwenye ofisi zao za Shekilango na Urafiki, hatua chache kutoka stendi ya zamani, huku wenye vibanda Mbezi Luis wakilalamika kwamba abiria hawafiki kwao.