Ufa Huzibwa kwa Kitu Gani?

Sote tulikaririshwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali nzuri, ila haisemi ufa wenyewe uzibwe kwa kitu gani. Jibu nililipata Lamu, katika nyumba ya bibi yangu mtaani Mkomani.

Ukuta wa ndani ulikuwa umepasuka. Ami yangu akanunua saruji, mifuko mitatu. Jirani akamuuliza, "Ushakwenda ofisini kuomba ruhusa?" Ami akafoka, "Nyumba ya mamangu, ruhusa ya nani tena?" Nikiri kwamba mimi nami nilimuunga mkono. Kwani nani anapenda kupangiwa jinsi ya kutengeneza kwao?

Basi nikaanza kusoma. Nyumba za Lamu zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Ngome iliyo katikati ya mji ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikaja kufanywa gereza hadi 1984, kisha ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 1986 mji ukapata mpango wake wa hifadhi, mji wa kale ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 1991 ikaundwa Tume ya Mipango ya kuliangalia eneo hilo. UNESCO walipouandika mji huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, kazi ilikuwa imeshaanza zamani, tena na watu wa hapa hapa.

Na kazi yenyewe haina makuu. Mwenye nyumba anataka kuongeza ghorofa, kubomoa daka au kubadilisha mlango: anapeleka ombi, wataalamu wanakuja kutazama, anashauriwa, ombi linajadiliwa. Mara nyingi mabishano ni juu ya saruji tu.

Kwa nini saruji? Fundi mmoja mzee alitufunza bila maneno mengi. Alichukua patasi akagonga mahali tulipowahi kupiga plasta ya saruji miaka ya nyuma. Plasta ikabanduka kipande kizima, ngumu kama sahani. Nyuma yake matumbawe yalikuwa yamegeuka unga. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuacha unyevu huo utoke, saruji huufungia ndani, na jiwe likaoza huku nje kunang'aa. Ami alikitazama kile kipande, akanyamaza. Ule ufa tuliokuwa tukigombania tulikuwa tumeufanya wenyewe.

Lakini tusidanganyane. Chokaa ina gharama. Lazima ichomwe, izimwe kwa maji, iachwe ikomae, na fundi anayeijua hulipwa siku nyingi. Tume inaweza kumkataza mtu saruji, ila haiwezi kumkataza kuuza nyumba. Pale Mkomani zipo nyumba zilizonunuliwa na wageni, kuta zake zimetengenezwa vizuri kuliko zetu, lakini madaka yake hayana mtu. Wazee waliokuwa wakibarizi pale jioni, wana wao wamehamia nje ya mji wa kale. Je, hapo kimehifadhiwa nini? Jengo, ndiyo. Mji, sina hakika.

Kwa hiyo siku hizi nikisikia mtu akiilalamikia tume, simkatizi. Namuuliza tu: ukiondoa hiyo tume, utabaki na nini cha kumrithisha mwanao? Na ukiiacha, nani atakusaidia kulipa fundi? Maswali yote mawili ni ya haki, na kulijibu moja tu hakutoshi.

Sisi tulichangishana, ndugu wa Mombasa na wa Oman wakatuma chochote, ukuta ukazibwa kwa chokaa. Ile mifuko mitatu ya saruji ami aliiuza kwa hasara. Nyumba hakuiuza.