Jimbo la ng'ombe na ngano lililofika mwezini

Usiku wa Machi 4, 2011, roketi ya Taurus XL iliruka kutoka kambi ya Vandenberg, California. Kifuniko kilichoukinga mzigo wake kikagoma kufunguka. Roketi ikalemewa na uzito, ikaanguka katika Bahari ya Pasifiki pamoja na Glory, setilaiti kubwa ya NASA. Ndani ya roketi hiyo pia vilikuwamo visetilaiti vitatu vya wanafunzi. Kimoja, Explorer-1 Prime, kilitoka chuo kikuu cha jimbo la Montana, mjini Bozeman. Kilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, uzito wake kilo moja hivi, kikiwa na neli ya kupimia mionzi waliyopewa na James Van Allen mwenyewe, mwanafizikia aliyegundua mwaka 1958 mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia.

Kazi ya miaka ilizama kwa dakika chache. Lakini wanafunzi wale walikuwa wameunda pacha wake. Oktoba 28 mwaka huohuo pacha akarushwa na roketi nyingine, akafika salama, akaanza kutuma vipimo vya mionzi. Walimpa jina la marehemu William Hiscock, mwanafizikia aliyeongoza mpango wa ruzuku za anga Montana.

Historia ya ruzuku hizo ni ndefu. Sheria ya mwaka 1950 iliyounda mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ilitaka fedha za utafiti zisirundikane mahali pamoja. Zikarundikana vilevile. Vyuo vikubwa vilipata kwa sababu tayari vilikuwa na maabara, na maabara zao zikazidi kukua kwa sababu vilipata. Ndipo ukazaliwa mpango wa EPSCoR, wa kuyasaidia majimbo yaliyopata fedha kidogo za utafiti, na mwaka 1980 majimbo matano ya kwanza yakachaguliwa: Arkansas, Maine, Montana, South Carolina na West Virginia. NASA ilianza ruzuku za anga kwa majimbo mwaka 1989, kisha miaka ya 1990 ikaanzisha EPSCoR yake.

Utaratibu wake naupenda. Mradi wa utafiti hupewa hadi dola 750,000 kwa miaka mitatu, nalo jimbo hutakiwa kuchangia sehemu yake. Wazo lazima lijibu haja halisi ya NASA, tena lipitiwe na wataalamu. Kwa shirika la anga hizo si fedha nyingi, ila kwa mhadhiri kijana zinatosha kununua vifaa na kuwalipa wanafunzi wake.

Brock LaMeres, mhandisi wa chuo kilekile cha Montana, alianza na ruzuku ndogo ya namna hii. Tatizo alilolishika ni la kila chombo cha anga: chembe moja ya mionzi huweza kuivuruga kompyuta nzima. Kompyuta yake, RadPC, ina vichakataji vinne vinavyofanya kazi moja kwa pamoja. Kimoja kikitoa jibu tofauti na wenzake, hutengwa na kurekebishwa huku vingine vikiendelea. Ilijaribiwa katika kituo cha kimataifa cha anga, halafu katika setilaiti ya RadSat-g iliyoachiwa kutoka kituo hicho Julai 2018.

Miezi miwili kabla, kituo hichohicho kiliachia 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Nayo ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10.

RadPC ilipita katika mikanda ya Van Allen ikiwa inafanya kazi, na Machi 2, 2025, ikatua mwezini ndani ya chombo cha Blue Ghost. Kutoka majimbo matano hadi siku hiyo ilipita miaka 45. Wabunge wetu wa Kenya, mwezi Juni mnapokaa kuijadili bajeti, tafadhali msiulize tu ni shilingi ngapi zinakwenda vyuoni. Ulizeni pia zitaendelea kwenda kwa miaka mingapi.