Pijo ya Baba na Jumapili Zake

Baba alikuwa na daftari la mafuta. Tarehe, lita, bei, kilomita, na pembeni neno moja au mawili kwa mwandiko wake wa ubaoni, maana alikuwa mwalimu hadi kwenye risiti. Nililikuta kwenye buti la gari alipofariki, ndani ya mfuko wa Rambo pamoja na plagi nne za zamani na kipande cha mpira wa kunyonyea petroli. Ladha ya mpira ule bado naikumbuka.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka 1967, gia kwenye usukani, injini ya sisi 1,618. Kwetu Marangu hakuna aliyewahi kuita Peugeot. Ni Pijo. Baba aliinunua mwaka 1972 kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Sasa iko kwangu Dar es Salaam, chini ya mwembe, na majirani wanaiita mkweche, wengine kwa upendo.

Daftari nililifungua kwa sababu ya shida, si kwa sababu ya historia. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni, na bado ulipofika Agosti, kujaza tangi kuliniondoa na zaidi ya laki moja na nusu. Nikataka kujua Baba alimudu vipi kwa mshahara wa ualimu. Jibu fupi: hakumudu. Jibu refu ndilo lililonifanya niandike haya.

Kurasa za mwanzo zina raha yake. Himo, Moshi, Arusha, "harusi ya Eliasi," "Moshi tena." Halafu ikaja Oktoba 1973. Vita vikazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikapunguza uzalishaji na kuwafungia bomba Marekani na Uholanzi, na pipa lililokuwa karibu dola 3 likakaribia dola 12 Januari 1974. Ulaya walipata mshtuko wao. Uholanzi ilikataza magari binafsi siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973. Ujerumani Magharibi ikafuata kwa Jumapili nne. Zipo picha za watu wakitembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya barabara kuu, wanacheka. Monte Carlo Rally ya 1974 ilifutwa, na ya Sweden pia. Safari Rally ya Kenya haikufutwa. Ilikimbia Aprili hiyo, na Joginder Singh akashinda kwa Mitsubishi Lancer ya sisi 1,600, akiiacha nyuma Porsche ya Björn Waldegård. Baba, mtu wa Pijo mpaka kufa, aliandika pembeni ya tarehe za Pasaka: "Gari dogo!" Sijui alikuwa anashangaa au anakasirika.

Lakini 1974 ilikuwa utangulizi tu. Kwa watu wa Kilimanjaro, mambo yalibadilika Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikielekea kuvunjika, mpaka na Kenya ulipofungwa. Ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Kutoka Himo hadi Holili si mbali, na ng'ambo ni Taveta, na Taveta kulikuwa na kila kitu: sabuni, betri, spea za Pijo, petroli. Kwenye daftari ghafla inaanza kuonekana herufi T yenye duara. Bei yake ni kubwa kuliko ya sheli, na kipimo si lita bali dumu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakuwahi kutuambia T ni nini, na sisi hatukuwahi kuuliza kwa nini dumu linakaa chini ya kitanda cha wageni.

Kisha Idi Amin akavamia Kagera, Oktoba 1978. Malori yakaenda vitani, mafuta yakaenda vitani. Kabla vita havijaisha, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya dunia upya, na kufikia 1980 pipa lilikuwa zaidi ya dola 30. Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda miezi 18. Sisi kwetu mkanda ulipata matundu mapya kwa miaka mingi zaidi ya hapo.

Ndipo zikatawala zile Jumapili. Wanaosoma hapa mlio chini ya miaka arobaini huenda hamjui: ilifika wakati Tanzania magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi asubuhi ya Jumatatu, isipokuwa uwe na kibali. Wajerumani walifanya Jumapili nne wakapiga picha. Sisi ilikuwa ndiyo maisha. Ibada ikirefuka, unaona wenye magari wanaangalia saa kuliko wanavyomwangalia mchungaji.

Kuna ukurasa mmoja nimeusoma mara nyingi kuliko mingine. "17/5/81. Lita 0. Km 9. Mteremko."

Hiyo ni Jumapili niliyozaliwa. Hadithi niliyokulia nayo ni hii: Mama alishikwa na uchungu jioni, mvua za masika zikinyesha, na hospitali ya wamisheni iko bondeni. Baba hakuwa na kibali. Akamweka Mama kiti cha nyuma, vijana wa jirani wakasukuma Pijo hadi barabarani, naye akaliachia gari literemke lenyewe, injini imezimwa. Njia panda akasimamishwa na polisi. "Mwalimu, hujui leo Jumapili?" Baba akajibu, "Afande, sheria imekataza kuendesha. Mimi siendeshi, nateremka." Polisi akaweka mkono kwenye boneti, akakuta ni la baridi, akazunguka nyuma akasaidia kusukuma.

Hadithi nzuri sana. Nimeisimulia kwenye harusi mbili. Mwaka jana nilimwonyesha Shangazi, dada yake Baba, ule mstari wa daftari. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, polisi gani? Mvua ile polisi angesimama wapi? Tangi lilikuwa kavu. Baba yako alikuwa ameshinda wiki nzima bila tone. Hata kama kibali kingekuwepo, kingemsaidia nini?"

Nimelala na jibu hilo siku kadhaa. Naona Baba alikuwa anaficha aibu kwa kutumia sheria. Kukatazwa na serikali ni jambo unaloweza kulisimulia, unatoka shujaa. Kumpakia mkeo mwenye uchungu kwenye gari lisilo na petroli, huku ukikanyaga breki kwenye utelezi na kuomba Mungu, hilo husimulii. Nadhani kumbukumbu zetu nyingi za miaka ile zimejaa polisi na vibali kwa sababu hiyo hiyo. Amri ya Jumapili tunaikumbuka wote. Siku sita nyingine, ambazo gari liliruhusiwa kutembea na halikutembea, hazina msimuliaji.

Daftari ndilo linazisimulia. Mwaka mzima wa 1981 Pijo ilienda kilomita 412. Kwa leo hiyo ni safari moja ya kwenda msibani. Baba alifanya kila alichoweza: aliweka jeti ndogo kwenye kabureta, alibeba abiria wa kuchangia, alizima injini kutoka Marangu hadi Himo kila alipoteremka. (Msijaribu. Breki zinazosaidiwa na injini huwa nzito sana injini ikizimika.) Mwanzo wa 1982 kuna miezi mitatu ambayo ameandika tarehe ya kuwasha tu, kwa hendeli, ili injini isigande.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa magari ya kale. Sisi tunapenda kusema magari haya yamedumu kwa sababu yalitengenezwa kwa chuma cha kweli na yalitunzwa kwa mapenzi. Chuma sawa. Lakini Pijo zilizokuwa na mafuta, za mashirika na za teksi, ziliendeshwa zikaisha, leo ni mabati ya mabanda ya kuku. Ya kwetu imebaki kwa sababu ilisimama. Ukame wa petroli ndio uliotutunzia gari. Mapenzi yalikuja baadaye, lilipokuwa limeshakuwa la kale.

Sasa tuko watano tunaokutana Oysterbay, na siku yetu ni Jumapili asubuhi. Wiki nzima tunapanda mwendokasi na bajaji. Jumapili ndiyo tunayoweza kugharamia lita sita. Baba alizuiwa Jumapili, mimi nimebakiwa na Jumapili. Mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe ameshapunguza, anakuja mara moja kwa mwezi. Mwenye Mercedes ya 1971 huja kwa bodaboda na funguo mfukoni, tunaongea tu kuhusu Mercedes.

Fundi wangu ana dawa yake. "Dada, tuweke gesi. Gari la kabureta ni rahisi kuliko hizi za kompyuta." Yuko sahihi. Kilo ya gesi asilia imekuwa karibu nusu ya bei ya lita ya petroli, na inakupeleka mbali zaidi. Gesi yenyewe ni ya kwetu: iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, mwaka ule ule tuliokuwa tunalia na bei ya pipa, ikakaa chini miaka thelathini hadi ilipoanza kutumika 2004. Baba aliteremka mlima injini imezimwa, na nishati ipo chini ya kisiwa huko Kilwa.

Tatizo ni mtungi. Utakaa kwenye buti, na lazima kutoboa sakafu ya bati ambalo halijaguswa tangu kiwandani Ufaransa. Wenzangu wa Oysterbay wamenuna. Wanasema nitaua uasili. Nikawaonyesha daftari: jeti si za asili, waya si za asili, kioo cha nyuma kilitoka Taveta na kina alama ya T yake. Yule wa Mercedes akasema hiyo ni tofauti, Baba yako alilazimika.

Nimempigia Shangazi kumuuliza. Kwanza alitaka kujua huo mtungi ukiwa ndani, dumu litakaa wapi.

Fundi anataka nusu ya hela kabla ya Ijumaa. Nimempa robo, nikamwambia apime kwanza bila kutoboa.