Kilimanjaro: kilele kilichofikiwa kwa mabega ya wapagazi

Njia ya Marangu ina desturi yake: safari ya mwisho huanza usiku wa manane. Kutoka vibanda vya Kibo, mita 4,720, watu hupanda wakati changarawe imeganda kwa baridi na mguu hautelezi kurudi nyuma. Mwenye pumzi hufika kituo cha Gillman, kwenye ukingo wa kreta, alfajiri, akaliona jua likichomoza nyuma ya kilele cha Mawenzi. Ndiyo picha inayouza safari zote hizi.

Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, hakufuata picha. Alitaka kilele. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka uliofuata hata mlimani hakufika: vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilimkuta njiani, akakamatwa, akaachiwa kwa fidia. Aliporudi 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, na hesabu mpya: tumbo. Makao makuu aliyaweka Marangu kwa Mangi Marealle, kambi nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye uwanda wenye upepo kati ya Kibo na Mawenzi. Wapagazi wakawa wanapandisha chakula kambi hadi kambi, hivyo wageni wakishindwa leo wanajaribu tena bila kushuka bondeni.

Na kweli walishindwa kwanza. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, baada ya kuchonga ngazi kwenye barafu kwa shoka, wakaona kilele bado kiko mbali. Wakashuka kambini, wakala, wakapumzika. Siku tatu baadaye wakakikanyaga, na Meyer akakibandika jina la Kaisari Wilhelm.

Nani aliyekuwa akiwangoja katika kambi ile ya juu? Mwini Amani, mtu wa Pangani, mwana wa pwani aliyewapikia kwenye baridi ambayo kwao haijulikani. Kwangu mimi huyu ndiye shujaa wa msafara ule. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikumbukwa angalau mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka 100 tangu upandwe: akatambuliwa kuwa kiongozi wa Meyer, akapewa nyumba, akafariki 1996. Wapo wanaobisha kama alifika juu kabisa, maana Meyer aliandika kwamba kileleni walikuwa wawili tu.

Waliofuata walijiandika kwenye mlima wenyewe. Gillman alifika ukingoni 1921. Kituo cha Stella, nacho kiko ukingoni, kina jina la mke wa Kingsley Latham, aliyepanda naye 1925. Kreta ikachukua jina la Reusch, mmisionari. Kilele chenyewe kilibadilishwa jina baada ya Luteni Alexander Nyirenda kupandisha bendera na Mwenge Desemba 1961. Kikawa Uhuru, mita 5,895. Hifadhi ya taifa ikaja 1973.

Leo wapagazi hujiita wagumu. Mzigo hupimwa kwenye mizani getini, mwisho kilo 20, na wageni wanapotembea pole pole, wagumu huwapita mbio ili wakute hema limesimama na chai imechemka. Kazi ni ile ile ya Mwini Amani.

Waliopewa dhamana ya mlima wanaweza kufanya jambo moja lisilo na gharama: waandike jina la Mpangani huyo kwenye ramani, pale kwenye uwanda alipokaa.