Januari 2015: Aya moja ya sheria ya uchaguzi iliyowatoa watu barabarani

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu na Kinshasa wanakumbuka Januari 2015 kwa sababu ya gesi ya machozi na simu zilizokosa mtandao. Lakini mzozo ule ulianzia kwenye karatasi. Ulianzia kwenye aya ya tatu ya kifungu cha 8, ndani ya mswada wa sheria ya uchaguzi.

Mswada huo uliletwa na serikali mbele ya bunge katika kikao cha pekee mwanzoni mwa mwaka. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati ule, Évariste Boshab, ndiye aliyeutetea. Aya ile ilifunganisha orodha ya wapiga kura na hesabu ya wakaaji wa nchi. Serikali ilieleza kwamba viti vya wabunge haviwezi kugawanywa kwa haki bila kujua ni watu wangapi wanaishi wapi. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Hesabu ya mwisho ya wakaaji wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, nchi ingali inaitwa Zaire.

Vyama vya upinzani na mashirika ya kiraia waliisoma aya hiyo kwa jicho lingine. Muhula wa pili wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unaisha Desemba 2016, na Katiba haikumruhusu kugombea wa tatu. Kifungu cha 220 kinakataza hata kubadilisha idadi ya mihula. Kuhesabu watu katika nchi kubwa hivi, yenye vijiji visivyo na barabara na maeneo yaliyo vitani, kungechukua miaka. Muda huo wote rais angebaki kitini bila kura hata moja kupigwa, na bila neno moja la Katiba kuguswa.

Kwa watu wa mashariki kulikuwa na swali lingine tena. Mtu aliyekimbia vita Masisi akalala kwa ndugu zake Goma, anahesabiwa wapi? Na aliyevuka mpaka kwenda Uganda au Rwanda, jina lake linaandikwa na nani? Kungoja kila mtu ahesabiwe kwao ilikuwa ni kungoja kwanza vita viishe.

Tarehe 17 Januari, siku ya Jumamosi, Bunge la Taifa lilipitisha mswada. Wabunge wa upinzani walisusia kura hiyo. Wengi walidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu Kongo ina mabaraza mawili. Mswada ukitoka kwa wabunge unaenda Seneti, na maneno yanapaswa kuwa yale yale pande zote mbili. Zikitofautiana, tume ya pamoja inatafuta mapatano, na yakishindikana Bunge la Taifa ndilo lenye neno la mwisho. Kati ya baraza moja na lingine mlikuwa na siku chache tu, na watu walizitumia.

Jumatatu tarehe 19, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na vijana wa mitaa walitoka. Goma na Bukavu zikafuata. Huko Goma walikuwemo vijana wa LUCHA, kundi lililozaliwa mjini humo mwaka 2012. Serikali ilikata intaneti na meseji za simu. Kadinali Laurent Monsengwo, askofu mkuu wa Kinshasa, alitoa tamko akiwataka viongozi waache kuua raia. Maduka mengine yaliporwa, na askari walifyatua risasi. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua 36 waliokufa. Shirika la FIDH likasema 42. Idadi ya serikali ilikuwa chini ya hizo.

Ijumaa tarehe 23, Seneti ilibadilisha aya ile. Kiongozi wake, Léon Kengo wa Dondo, alisema wazi kwamba maseneta walikuwa wamesikia sauti ya barabara. Bunge la Taifa, chini ya Aubin Minaku, lingeweza kung'ang'ania maneno yake. Halikufanya hivyo. Jumapili tarehe 25, sharti la hesabu ya wakaaji lilitolewa. Sheria namba 15/001 ilitiwa sahihi tarehe 12 Februari 2015 bila sharti hilo. Kutoka kura ya kwanza ya wabunge hadi ya mwisho zilipita siku nane.

Ushindi huo ulikuwa na gharama, na ulikuwa na mipaka. Fred Bauma wa LUCHA alikamatwa Kinshasa Machi 2015, akafunguliwa Agosti 2016. Uchaguzi wenyewe haukufanyika mwaka 2016. Ulisogezwa hadi tarehe 30 Desemba 2018. Siku hiyo Beni na Butembo hawakupiga kura: wakuu walitaja Ebola na usalama mdogo, wakawapangia Machi 2019, wakati rais mpya alikuwa ameshaapishwa. Mjini Beni wakaaji walijitengenezea vituo vyao na kupiga kura ya ishara, ili ionekane kwamba wapo. Desemba 2023, Masisi na Rutshuru nazo hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Kuondoa aya mbaya kuliizuia sheria isiwe kisingizio cha kuchelewesha. Hakukutosha kumpa kila raia sanduku la kura.

Wapo pia waliobadilisha sheria kwa njia ndefu na ya kimya. Kwa miaka mingi, mashirika ya wanawake na waganga waliopokea wahanga wa ubakaji walidai sheria kali zaidi. Tarehe 20 Julai 2006 zilitoka sheria mbili, namba 06/018 na 06/019. Ubakaji ulipewa maana pana zaidi, hata mwanamume akatambuliwa kuwa anaweza kuwa mhanga, na mahakama zikawekewa muda wa kumaliza kesi. Huko nako utekelezaji umechechemea. Lakini mama anayeshitaki leo ana kifungu kipana zaidi cha kushika mkononi kuliko kile alichokuwa nacho dada yake wa mwaka 2000.

Milango iliyotumika wakati ule imeandikwa kwenye Katiba. Kikao cha kawaida cha kwanza cha bunge kinaanza tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, cha pili tarehe 15 Septemba hadi 15 Desemba. Kati ya vikao, wabunge wanatakiwa kurudi kwa waliowachagua na kuwasikiliza. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kuandikia wakuu ombi, nao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kifungu hicho hakidai mtu awe na nyumba, shamba au makao ya kudumu. Familia iliyo chini ya hema ina haki hiyo sawa na familia ya mjini.

Mswada ukishapita mabaraza yote mawili, rais ana siku 15 za kuutia sahihi. Baada ya hapo, kuondoa hata aya moja kunahitaji sheria nyingine au kesi mbele ya Mahakama ya Katiba. Mwaka 2015 waliosoma kifungu cha 8 mapema, wakawaelezea wenzao kwa lugha wanayoielewa, ndio waliofanya zile siku chache zitoshe.