Rindi au Mandara? Wamangi wa Kilimanjaro na majina yao vitabuni

Apandaye Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala usiku wa kwanza Mandara, mita 2,720 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa pili Horombo. Zamani vibanda vya hapo viliitwa Bismarck na Peters, kwa heshima ya Wajerumani. Leo vimebeba majina ya watawala wa Uchagani wenyewe. Horombo alikuwa mangi, yaani mtawala, wa Keni, upande wa Rombo. Mandara alikuwa mangi wa Moshi hadi alipofariki mwaka 1891. Sasa mwanafunzi akishuka mlimani na kufungua historia ya Wachagga iliyoandikwa na Kathleen Stahl mwaka 1964, atamkuta mtawala huyohuyo wa Moshi akiitwa Rindi. Asipokuwa na wa kumweleza, atahesabu watu wawili.

Kosa si la mwanafunzi. Vitabu vya marejeo vina kanuni za kuwaorodhesha watu wenye vyeo vya ukoo bora, lakini kanuni hizo zilitungwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, na hata huko hazikubaliani. Kamusi kubwa ya wasifu wa Waingereza humweka mshindi wa vita vya Waterloo chini ya jina la ukoo wake, Wellesley. Ensaiklopidia ya Britannica humweka chini ya cheo chake, Wellington. Hata hivyo msomaji hapotei, kwa sababu kila kitabu humwelekeza pa kwenda. Wamangi hawakuandaliwa njia ya namna hiyo. Kila aliyefika mlimani aliandika jina alivyolisikia na cheo alichokizoea kwao, kisha aliyefuata akanakili.

Mmisionari Johannes Rebmann alifika Kilema mwaka 1848, enzi ya mangi Masaki, kisha akaenda Machame kwa mangi Mamkinga. Kwa msomaji wa Ulaya wote wawili walikuwa wafalme. Mwingereza Harry Johnston alipokaa Moshi mwaka 1884 aliandika Mandara. Mwaka uliofuata Mjerumani Carl Jühlke akaja na karatasi ya mkataba, na jina hilohilo likaingia katika nyaraka za Kijerumani, likitanguliwa na neno Sultan. Wajerumani waliwaita masultani karibu watawala wote wa ndani ya koloni lao, kana kwamba kila mmoja alikuwa ndugu wa mtawala wa Unguja. Waingereza walipochukua nchi, sultani akawa chifu. Kwa hiyo mangi mmoja anaweza kuwa mfalme katika shajara ya mmisionari, sultani katika jalada la boma na chifu katika ripoti ya gavana. Atafutaye habari zake sharti ajue maneno yote matatu, na tahajia pia, maana kuna Marealle na Mareale, Horombo na Orombo.

Hata jina la mahali lina mtego wake. Tukisema Rindi alikuwa mangi wa Moshi, msomaji wa leo huwaza mji wenye mzunguko wa saa, kituo cha mabasi na ofisi za chama cha ushirika, KNCU. Mji huo ulikua chini tambarare baada ya reli ya kutoka Tanga kufika. Moshi ya Rindi na ya mwanawe Meli iko juu mlimani, Old Moshi kama wenyeji wanavyoiita mpaka leo. Faharasa isiyotenganisha sehemu hizi mbili inampa mangi mji ambao hakuwahi kuuona.

Ubatizo nao ulileta jambo jipya. Jina la mangi mmoja likageuka jina la ukoo. Shangali alitawala Machame. Mwanawe akawa Abdiel Shangali. Marangu ilikuwa na Marealle, aliyepata nguvu kubwa wakati wa Wajerumani. Kisha akaja Petro Itosi Marealle, ambaye pia alituachia kitabu cha maisha na mila za Wachagga. Mwaka 1946 Waingereza waliugawa Uchagga katika divisheni tatu, na hao wawili wakawa wamangi wa divisheni: Abdiel kwa Hai, Petro kwa Vunjo.

Mwaka 1952 Thomas Marealle, mjukuu wa Marealle wa kwanza, alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, akajulikana kama Marealle II. Hapa mwandishi wa kamusi anahitaji kituo. Namba hiyo inamfanya msomaji aamini kwamba Marealle I naye alishika cheo hichohicho, ilhali cheo cha Mangi Mkuu kwa mlima mzima, kilichotokana na kura za watu, kilikuwa kipya kabisa. Wala hakikudumu. Kura ya mwaka 1960 ilikiondoa, Solomon Eliufoo akachaguliwa kuwaongoza Wachagga kwa cheo cha rais, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Thomas aliishi hadi 2007. Kumwandika Mangi Mkuu bila miaka ni kumpa miaka zaidi ya arobaini ya utawala ambayo hakuwa nayo. Na neno lenyewe limeendelea na safari: Dar es Salaam leo mteja humwita mwenye duka la mtaani mangi, hata kama ukoo wake haukuwahi kukalia kiti cha enzi.

Lakini panapouma zaidi ni Old Moshi. Meli aliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga pamoja na wenzake, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu wa baadhi ya marehemu ambao mafuvu yao yalikuwa yamehifadhiwa huko. Moja lilikuwa la mtu anayeaminika kuwa mshauri mkubwa wa Meli. Juu ya fuvu lake palikuwa pameandikwa Akida.

Akida ni cheo, na maakida walikuwa wengi. Mwandishi aliyeshika kalamu siku ile hakuandika jina la mtu, wala la baba yake, wala la kijiji chake. Vilihitajika vinasaba vya walio hai kumrudishia marehemu ukoo wake.

Ndiyo maana nasema kamusi na ensaiklopidia zetu za Kiswahili zianze na jina ambalo watu wake walimwita, lifuatwe na la baba pale linapojulikana, kisha cheo kwa neno la wenyewe, himaya aliyoitawala na miaka aliyoshika cheo hicho. Majina ya wageni yasifutwe, kwa kuwa nyaraka zimejaa majina hayo; yapewe mstari wake wa kumwelekeza msomaji. Mandara: tazama Rindi. Rindi: mangi wa Moshi (Old Moshi), baba wa Meli, alifariki 1891. Marealle, Thomas: 1915–2007, Mangi Mkuu wa Wachagga 1952–1960; asichanganywe na babu yake, Marealle, mangi wa Marangu.