Ushahidi Ulioandikwa kwa Kompyuta

Vijana wapendwa, baadhi yenu mnaojifunza kuandika programu hapa Uvira mmetuuliza: mtu akishinda mbele ya kompyuta mchana kutwa, amemsaidia nani? Swali hilo si dogo. Mwashi huuona ukuta wake, na mvuvi wa Kalundu huzipima ndagala zake. Mwandishi wa programu ana nini cha kuonyesha jioni?

Tukumbuke Januari 2008. Kenya iliwaka moto baada ya uchaguzi, na serikali ilikuwa imekataza matangazo ya moja kwa moja. Mwanasheria Ory Okolloh akaomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya maovu yaliyokuwa yakitendeka. David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, akaiandika programu hiyo kwa siku chache tu, akisaidiana na wenzake. Wakaiita Ushahidi. Raia alituma ujumbe kwa simu, na mahali pa tukio pakaonekana kwenye ramani.

Programu haikuuzima moto ule, tusidanganyane. Lakini waliiacha wazi ili yeyote aichukue bure. Novemba mwaka uleule ilitumika kufuatilia vita vya kwetu, Kivu ya Kaskazini. Januari 2010, tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince, watu wa Haiti walituma ujumbe kwa namba 4636 wakiomba maji na waokoaji. Wahaiti waliokuwa ugenini wakazitafsiri jumbe hizo, nazo zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi. Kobia alipoandika mistari ya kwanza, hakuna aliyekuwa akiiwaza Haiti.